Papa kwenye Chetezo

King'ora cha jua kililia saa nne kasorobo, na Lindi yote ikashika njia ya mabwalo. Siku nyingine watu huenda huko wakiburuta miguu na kunung'unika kama wanafunzi wa Jumatatu. Siku ile walikwenda kwa madaha, kanga mpya viunoni, mikeka kwapani, makapu ya vyakula vichwani, wakisukumana na kutaniana mlangoni. Saa nne kamili milango ingefungwa, na asiye na wazimu asingebaki nje mpaka saa kumi alasiri, jua litakapokuwa limechoka kuua watu.

Ndani ya Bwalo la Saba, juu ya ngazi ya chuma, Somoe Nampota alikuwa akifuta vumbi kwenye kioo kisicho na vumbi. Wapo watu wakifurahi huimba. Yeye akifurahi hurekebisha visivyoharibika. Tangu alfajiri alikuwa amekaza skrubu zilizokwisha kukazwa, amepaka mafuta bawaba zisizolia, na sasa alikuwa hana la kufanya isipokuwa kutabasamu peke yake kama mchumba.

"Shuka huko, fundi!" Bwana Mchopa, meneja wa bwalo, alimwita kutoka chini. Alikuwa amevaa koti zito la sherehe na jasho lilikuwa limekwisha kumtambua. "Wageni wanaingia, wewe unawaonyesha visigino!"

"Nakuja, bwana meneja. Naiaga tu."

Aliyekuwa akiagwa ni Pua. Ndivyo watu walivyokiita kile kitu cheusi chenye ukubwa wa nazi kilichoning'inia katikati ya dari, kimejaa vitundu kila upande. Pua ilinusa. Watu elfu moja na mia mbili wakikaa saa sita ndani ya jumba moja, kila mmoja huvuta alichokitoa mwenzake. Pua ilijua lini hewa imechoka. Ikichoka, iliamuru madirisha ya paa yafunguke na mapanga ya feni yazunguke, hewa mpya ipande kutoka kwenye mabomba yaliyofukiwa ardhini, ambako ilikuwa imepoa. Hewa ikirudi kuwa safi, iliyafunga tena ili ubaridi usipotee bure.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na mikono ya watu, na mikono ya watu ndiyo iliyoleta msiba. Mwaka wa kikohozi, mshika vishikio vya madirisha katika bwalo la zamani aliona watu wanalalamika joto, akawahurumia, akafunga madirisha ya paa. Mlikuwa na mtu mmoja aliyekohoa. Mwezi ule yalichimbwa makaburi arobaini na moja, na moja lilikuwa la mama yake Somoe. Msichana alikuwa na miaka ishirini na miwili. Miaka tisa iliyofuata hakufanya jambo lingine ila kuitengeneza Pua, na ilipokamilika aling'ang'ania vishikio vyote ving'olewe ukutani, mkono wa mtu usije ukagusa tena. Alivitupa mwenyewe kwenye chuma chakavu, na alifurahi kuvisikia vikilia.

Leo akili ya Pua ingenakiliwa kwenda mabwalo thelathini, kutoka Mtwara mpaka Tanga. Ingeanza kunakiliwa saa tano na kumalizika saa kumi. Ndiyo maana kulikuwa na maua mlangoni, na ndiyo maana Bwana Mchopa alikuwa anateseka ndani ya koti.

Bi Esha, shangazi yake Somoe, aliingia wa mwisho kama kawaida yake, ili kila mtu amwone. Ndiye aliyekuwa mwenyeji wa bwalo: kupokea wageni, kupanga mikeka, kufukiza udi. Chetezo chake cha udongo kilikuwa mkono wa kulia, na kwapani kushoto alikuwa na bunda la ukili, ule utepe mrefu wa ukindu ambao wanawake wa bwalo huusuka mchana kutwa, na ukitosha huushona ukawa mkeka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Chai nimeiuliza? Nauliza umekula. Leo utasimama mbele ya wakubwa, tumbo likinguruma watasema Esha hakujua kulea." Alimtia kitumbua mkononi, akamnyoosha ushungi, akamtazama juu mpaka chini. Kisha akainua macho kwenye dari. "Na huyu mwenzio, yu mzima?"

"Mzima kuliko sisi."

"Basi Mungu awatangulie wote wawili."

Milango ikafungwa, na bwalo zima likapiga vigelegele bila kuambiwa.

*

Saa saba wali wa nazi ulikuwa umekwisha, samaki wamebaki miiba, na hotuba mbili zilikuwa zimesomwa pasipo mtu kuzisikiliza. Kwa heshima ya wageni, Bi Esha alikoka vyetezo viwili badala ya kimoja. Alipita katikati ya mikeka akipunga upindo wa kanga, na moshi wa udi ukaenda ukiwapamba watu mmoja mmoja, nguo, nywele na watoto migongoni. Harufu ya samaki ikasalimu amri.

Juu, madirisha ya paa yakajifunga yenyewe. Mapanga yakatulia. Kioo cha ukutani kikaandika mia nne na tisini kwa rangi ya kijani, yaani sehemu mia nne na tisini za hewa ukaa katika kila milioni. Hewa ya nje siku hizo ilikuwa mia nne na themanini. Kwa hesabu hiyo, watu elfu moja na mia mbili walikuwa wamekula, wamecheka na kupumua kwa saa tatu, na jumba lilikuwa kana kwamba hawamo. Somoe aliiona namba ile, kifua kikamjaa. Ilimpasa kushtuka, lakini furaha haijui hesabu.

Usingizi ukashuka. Ulianza kwa watoto, ukawafuata wazee, halafu vijana waliokuwa wakitaniana kwenye nguzo wakajiegemeza na midomo wazi.

"Unaona, mheshimiwa?" Bwana Mchopa alimnong'oneza mgeni. "Huu ndio usingizi maarufu wa Bwalo la Saba. Kwa wenzetu watoto wanasumbua mpaka saa kumi. Wetu wanalala kama wamebembelezwa na malaika. Hapa hata mwenye wivu analala! Kina mama wanahamia kwetu kwa ajili ya usingizi tu."

"Sifa zake zilifika mpaka Tabora," alisema mgeni. Alikuwa Mhandisi Nyamizi Lukelesha wa Baraza la Mabwalo, mwanamke mwembamba mwenye daftari kubwa na maneno machache. Alifunika mwayo kwa kiganja. "Samahani. Safari ndefu."

Somoe alikwenda kukaa karibu na shangazi yake, apumzishe miguu. Bi Esha alikuwa akisuka huku kichwa kinamlemea. Vidole vilikwenda, vikasimama, vikakumbuka, vikaenda tena.

"Shangazi, umeruka mstari."

Bi Esha alikodolea macho ukili, akakunja uso. "Nimeruka tena? Macho haya yameniaibisha. Nilitaka mkeka huu nimpe mgeni, lakini nitampaje kitu chenye makosa? Hebu tazama." Akalifungua bunda, ukili ukamwagika mapajani mwa Somoe.

Ulikuwa ukili wa rangi tatu, mstari mwekundu ukipita katikati. Bi Esha alikuwa na desturi ya kuchomeka kipande cha ukindu mweusi kila asubuhi kabla ya kuanza, ili ajue kazi ya siku imefika wapi. Somoe alipitisha kidole juu yake. Kipande cheusi, mstari umenyooka, umenyooka, kisha pima moja mbele umeyumba kwa urefu wa shibiri, kisha kipande cheusi kingine. Umenyooka, umenyooka, umeyumba. Kipande cheusi. Umenyooka, umenyooka, umeyumba.

Macho yaliyozeeka hayangoji saa saba ndiyo yazeeke, kisha yakapata ujana asubuhi.

"Makosa haya yako mahali pamoja kila siku, shangazi."

"Ni baada ya kula. Tumbo likijaa, mikono inalegea. Muulize Bi Halima, muulize yeyote, wasukaji wote tuko hivyo."

Somoe alifunua bunda mpaka ndani kabisa, kwenye ukili uliokwisha kupauka. Huko mstari ulikuwa umenyooka kutoka kipande cheusi mpaka kingine, siku baada ya siku.

"Na hapa? Hapa hamkuwa mnakula?"

Bi Esha alicheka. "Tulikula vilevile. Hiyo ni ya zamani, kabla ya Pua yako kuanza kazi."

Somoe aliuweka ukili chini, akainuka.

*

Katika chumba chake cha kazi, humo humo bwaloni, kwenye saraka ya chini, mlikuwa na kipimo cha hewa cha mkono cha enzi za uanafunzi, kikuukuu, kimefungwa kwa raba. Alikichukua na kutoka kwa kilango cha mafundi, ambacho hakikuunganishwa na king'ora. Nje, joto lilimshika usoni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Hakukuwa na mtu, mbwa wala kunguru. Alisimama akihesabu mpaka sitini, kipimo kikionja hewa ya wazi, mpaka kikaandika mia nne na themanini na mbili. Kilikuwa kizima. Ndala zilikuwa zimeanza kunata chini. Akarudi ndani mbio.

Ndani kiliandika elfu nne na mia tatu.

Alikipiga kofi. Kikaandika elfu nne na mia tatu na hamsini.

Kwenye elfu moja watu huanza kupiga mwayo. Kwenye elfu mbili na mia tano kichwa huwa kizito na hesabu rahisi hushinda. Elfu nne maana yake ni kwamba sehemu ya kila pumzi aliyoivuta mtu ilikuwa imekwisha kupita kwenye vifua vya wenzake, na madirisha yalikuwa yamefungwa, na Pua ilikuwa inasema ni asubuhi ya mvua. Mstari wa tatu kutoka mlangoni, mtu mmoja alikohoa usingizini. Kisha mwingine.

Somoe alivuta pumzi, akanusa udi, na hapo akajua.

Pua ilifunzwa kwa siku saba katika bwalo tupu, peke yake, ijue harufu ya hewa safi. Baada ya hapo, kila ilipoikuta harufu ile, ilikuwa na ruhusa ya kusahihisha kipimo chake, kwa sababu vipimo hupotoka kwa joto. Ilijiambia: hewa hii ni safi, basi hii ndiyo mia nne na themanini. Somoe mwenyewe ndiye aliyeandika sheria hiyo, na aliionea fahari. Lakini asubuhi moja ya wiki ile alifungua mlango wa bwalo tupu akakuta harufu ya udi hewani. Alijua ni nani. Hakuuliza. Ilinukia kama nyumbani, kama Sikukuu, kama mama yake akiwa hai, na moyo wake ukatulia. Kisha akatia saini karatasi iliyosema: bwalo lilikuwa tupu, hewa haikuguswa.

Kwa hiyo Pua ilijifunza kwamba udi ndio usafi. Kwa miezi saba, kila Bi Esha alipopita na chetezo baada ya chakula, ilifunga madirisha, ikarudisha hesabu chini, ikawaimbia watu walale.

Alimkuta Bwana Mchopa nyuma ya jukwaa na kumwonyesha kipimo. Meneja alikisoma mara mbili, koti likazidi kumbana.

"Fungua madirisha!"

"Siwezi. Pua inanakiliwa, haipokei amri mpaka saa kumi, hata kunakili kukikatizwa."

"Vishikio basi!"

"Niliving'oa, bwana meneja. Ulikuwepo. Ulipiga makofi."

"Milango?"

"Tukifungua milango mikubwa, king'ora cha moto kitalia. Watu elfu moja na mia mbili wenye usingizi watakurupuka, watakanyagana, na watakaotoka watatokea kwenye joto la nyuzi arobaini na tisa."

Bwana Mchopa alijifuta uso kwa hotuba yake. "Basi tungoje saa kumi. Saa mbili tu, Somoe! Wamelala miezi saba, hawajafa."

"Miezi saba hapakuwa na mtu anayekohoa. Sikiliza."

Wakasikiliza. Sasa walikuwa watano au sita, hapa na pale. Mmoja alikuwa mtoto.

Somoe alitazama dari. Pua haikupokea amri ya mtu, lakini ilikuwa bado inanusa. Kunusa haikukatazwa. Ikinusa uchafu, itafungua. Na uchafu aliifunza mwenyewe, kwa mikono yake: jasho, maziwa yaliyoganda, na kuliko vyote, papa mkavu, ambaye akichomwa jikoni hata majirani wa mtaa wa pili hujua unakula nini.

"Bwana meneja, stoo kuna papa?"

"Kuna nini?"

"Papa! Samaki ng'onda wadogo hawatoshi. Nataka papa, yule anayenuka kuliko wote."

*

Bi Esha alisikiliza maelezo yote amekaa wima, vyetezo viwili vimelala mbele yake kama watoto waliokosa.

"Unataka," alisema Bi Esha polepole, "nimwage udi wangu, niweke papa kwenye chetezo, nipite mbele ya wageni wa serikali."

"Nikipita mimi, watanizuia kabla sijafika katikati. Wewe hakuna anayekuzuia, shangazi. Na Pua iko pale ulipo mkeka wa wageni."

"Miaka thelathini nimefukiza jumba hili. Watu wameoana kwa harufu ya mkono wangu. Leo niwafukize papa, wakasimuliane mpaka Tabora?"

"Shangazi, wanakohoa."

Bi Esha aligeuza shingo. Kwenye mkeka wa jirani, mjukuu wa Bi Halima alikuwa amelala chali, na kifuani mwake mlikuwa na kitu kinakwaruza. Mwaka wa kikohozi ni Bi Esha aliyeuosha mwili wa wifi yake. Alimtazama mtoto yule, akatazama udi wake mzuri wa Unguja, akaumwaga wote kwenye sinia.

"Lete huyo papa," alisema. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Wakakoka. Kaa la kwanza lilipogusa kipande cha kwanza, Bwana Mchopa alirudi nyuma hatua tatu. Bi Esha alifunga mtandio puani, akainua chetezo kila mkono, akaingia katikati ya bwalo kwa mwendo uleule wa heshima, mgongo umenyooka, akipunga upindo wa kanga kushoto na kulia.

Nyuma yake watu waliamka kama mstari wa majivu unaopulizwa. "Astaghafirullah!" alisema mmoja. "Nani kafa?" akauliza mwingine. Kijana kwenye nguzo aliinuka akishutumu viatu vya mwenzake. Bi Esha hakugeuka. Alipofika mkeka wa wageni aliinama mbele ya Mhandisi Nyamizi kwa adabu zote, akasema, "Karibu Lindi, mwanangu, utusamehe," kisha akainua vyetezo vyote viwili juu ya kichwa chake, sawasawa na dari, kadiri mikono yake ya miaka sitini na minne ilivyoweza kufika.

Pua ilikaa kimya. Somoe alihesabu moja, mbili, tatu. Moshi ulipanda, ukapinda, ukaingia kwenye vile vitundu vyeusi. Nne. Tano. Kioo kikageuka kutoka kijani kuwa chekundu.

Halafu paa lote likafunguka! Madirisha arobaini na manne yalipiga kwa mpigo mmoja, mapanga yakanguruma, na hewa ya mabomba, baridi, yenye harufu ya udongo, ikapanda kutoka sakafuni na kuinua kanga, ushungi, karatasi za hotuba na kofia ya mtu ambayo haikuonekana tena siku ile. Watoto walianza kupiga kelele za raha. Somoe naye alipiga kelele, kelele tupu isiyo na neno, kipimo amekiinua juu: elfu nne! Elfu tatu na mia tano! Elfu tatu! Alikuwa akilia na kucheka pamoja, na hakujali anayemtazama.

*

Saa tisa kasoro dakika tano kipimo kilisoma mia nane. Bwana Mchopa alimvuta Somoe pembeni, na sasa alikuwa mtu mwingine, mwenye kicheko na mipango.

"Umeokoa siku, fundi! Sasa sikiliza. Nimekwisha kumwambia mgeni kwamba lilikuwa onyesho, tumechoma papa makusudi, Pua ikamkamata palepale. Amefurahi! Ameandika. Kunakili kunaendelea. Mwezi ujao utatengeneza lile kosa kimyakimya, utawatumia marekebisho."

"Na mwezi huu?"

"Mwezi huu tutamwambia shangazi apumzike kufukiza."

"Hapa. Na Kilwa? Na Bagamoyo, Pangani, Tanga? Niambie bwalo moja la pwani hii lisilofukizwa udi."

Bwana Mchopa alishusha sauti, na safari hii hakuwa na hila. "Somoe. Ukisema, Pua itashushwa. Yote. Watarudisha vishikio na mikono ya watu, na unajua mikono ile ilifanya nini. Kitu chako kimeokoa vifua vingi kuliko kilivyolaza. Na yule bibi, utamtaja mbele ya watu wote kwamba udi wake ndio uliotaka kuwaua? Aliyekulea?"

Hapo ndipo palipouma. Angeweza kusema kosa ni lake na kuishia hapo, lakini mhandisi angeuliza kosa gani, na kosa lisilotajwa jina halitengenezeki. Alimtazama shangazi yake, aliyekuwa amekaa peke yake kando, vyetezo miguuni, watu wakiwa wamemwachia nafasi kubwa kwa ajili ya harufu. Alimfikiria mama yake, na yule mshika vishikio aliyewahurumia watu. Naye hakuwa mbaya. Alitaka tu watu wapoe.

Mficha uchi hazai. Somoe alipanda jukwaani, akachukua kipaza sauti, na sauti ya kwanza ikatoka kama ya mbuzi.

"Mhandisi Nyamizi, simamisha kunakili. Tafadhali. Pua ni mgonjwa, na mimi ndiye niliyeficha ugonjwa wake."

Kisha akaeleza yote: siku saba, udi, saini, ukili. Alieleza kwa Kiswahili cha sokoni ili kila mtu aelewe.

Mhandisi Nyamizi hakuandika. "Nani alifukiza ndani ya siku zile saba?"

"Mwenyeji wa bwalo. Alifanya kazi yake. Mimi niliinusa harufu, nikatia saini kwamba sikuinusa."

"Mwenyeji ni nani?"

"Ni mimi." Bi Esha alikuwa amesimama. Alijikung'uta majivu, akajifunga kanga upya kiunoni. "Nilifukiza asubuhi na jioni, siku zote saba, na sikumwambia mtu. Mlisema kitu hiki alichokizaa mwanangu kitawekwa ndani siku saba, peke yake, mlango umefungwa. Mimi nikajiuliza, bibi harusi akiwekwa ndani siku saba, hafukizwi? Mgeni mkubwa hivi, anayekuja kutulindia watoto, akae kwenye jumba linalonuka rangi na mbao mpya, aseme Lindi hatuna adabu?" Aliinua macho kwenye dari. "Sikujua kwamba anasoma. Nilidhani anapumzika."

Sababu hiyo Somoe alikuwa haijui. Miezi saba alidhani ni mazoea ya shangazi tu, kufukiza kila kilicho wazi. Alishuka jukwaani, akaenda kupiga magoti mbele yake, akamshika mikono inayonuka papa na kuibusu yote miwili.

Mhandisi Nyamizi alitoa simu yake, akaongea maneno manne, akaikata. "Kunakili kumesimama," alisema. "Vishikio virudi ukutani mpaka Pua ifunzwe upya. Fundi, saini yako italetwa mbele ya Baraza, na sitakudanganya kwamba litakuwa jambo dogo." Alifunga daftari, akakaribia, akaliangalia bunda la ukili kwa macho ya mtu mwenye njaa. "Na huu, bibi, naomba uje nao. Kipimo cha miezi saba ambacho hakikupotoka hata siku moja. Thelathini kama huu ningezitaka, moja kila bwalo."

"Una makosa huo," alisema Bi Esha kwa aibu. "Ngoja kwanza niyafumue."

"Ukiyafumua nitakushtaki."

Watu wakacheka, kwanza kwa woga, kisha kwa vifua vizima. Bwana Mchopa naye alivua koti hatimaye, akalitupa chini, akacheka kuliko wote. Wengine wakaanza kuagizana maji, wengine kubishana kuhusu ile kofia.

Bi Esha alikaa, akamvuta Somoe akae naye. Alichukua ukindu mpya, akachomeka kipande cheusi, ingawa haikuwa asubuhi.

"Kesho nifukize saa ngapi?" aliuliza bila kuinua macho.

"Wakati wowote unaotaka, shangazi. Ila madirisha yafunguliwe kwanza."

"Yatafunguliwa na nani?"

"Na mimi. Kwa mkono."

Bi Esha aliitikia kwa kichwa na kuanza kusuka. Ilikuwa saa tisa na nusu, wakati ambao kwa miezi saba vidole vile vilikuwa vikipotea njia. Somoe aliviangalia bila kupepesa. Mstari mwekundu ulisonga, ukasonga tena, umenyooka.